Nyuzi za waya bapa: namna ya kuzichagua kwa ajili ya gitaa la besi la umeme

0. Utangulizi

Mtu anayenunua gitaa la besi la umeme hutazama kwanza mbao zake, rangi yake na jina lililoandikwa kichwani mwake. Nyuzi huzikumbuka mwisho, na pengine hazikumbuki kabisa mpaka siku mojawapo itakapokatika. Hata hivyo, kinachotetema ni uzi. Mbao husaidia, sumaku zilizo chini ya nyuzi hunasa, na kikuza sauti hukuza; lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kiwezacho kurudisha sauti ambayo uzi wenyewe haukuitoa. Ndiyo maana chombo cha bei ndogo, kikivishwa nyuzi zinazokifaa, huweza kukishinda chombo cha bei kubwa kilichovishwa kwa kubahatisha.

Makala haya yanahusu aina moja tu ya nyuzi, zile ambazo wauzaji wanaotumia Kifaransa huziita za filet plat. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ndizo zilizokuwa nyuzi za kawaida za besi ya umeme. Baadaye zikasukumwa pembeni na zile za filet rond, kisha zikarudi kutafutwa na wapigaji wa mitindo mingi. Kuzichagua si jambo jepesi. Bei yake mara nyingi hukaribia mara mbili ya bei ya nyuzi nyingine. Dukani hazisikilizwi kabla ya kununuliwa, na ukishazikata ncha kwa kipimo cha chombo chako huwezi tena kuzihamishia kwenye chombo kirefu zaidi. Zaidi ya hayo, seti moja huweza kukaa miaka kumi bila kuharibika, na kosa la mnunuzi hukaa naye muda huohuo. Kwa kikundi cha wanafunzi au cha kwaya kinachochangishana fedha ili kiagize seti moja kutoka nchi za nje, jambo hilo si dogo.

1. Jina na kitu

Uzi wa besi si waya mmoja. Ndani yake kuna kiini cha chuma cha pua, na juu ya kiini hicho huzungushwa waya mwingine, tabaka moja au zaidi, ili uzi upate uzito unaohitajiwa bila kupoteza wepesi wa kupindika. Tabaka la mwisho ndilo ambalo kidole hukutana nalo. Kama waya wa tabaka hilo ni wa duara, uso wa uzi huwa na mabonde na vilima vidogo mfano wa parafujo, na ukucha ukipitishwa juu yake hutoa mkwaruzo. Kama waya huo ni bapa mfano wa utepe, kingo zake hukaa bega kwa bega na uso wa uzi huwa laini kama ufito uliopigwa msasa.

Hapa pana tatizo dogo la istilahi. Wengine husema kwa kifupi “nyuzi bapa”, na msikilizaji asiyezijua huweza kudhani kwamba uzi wenyewe umebanwa kama ukanda. Sivyo, uzi ukikatwa, mkato wake ni duara. Kilicho bapa ni waya wa nje. Kwa hiyo “nyuzi za waya bapa” na “nyuzi za waya duara” ni majina yanayoeleza kitu chenyewe, nayo ndiyo yanayotumika hapa. Anayependa ufupi atafupisha mwenyewe, mradi maana iwe imekwisha kueleweka.

Zipo pia aina mbili za jirani ambazo zimewakosesha wengi. Ya kwanza ni ya nyuzi za waya duara ambazo kiwandani, baada ya kuzungushwa, husagwa kwa nje mpaka vile vilima vikapungua; sauti yake hukaa kati ya aina hizi mbili. Ya pili ni ya nyuzi zilizofunikwa kwa utepe wa nailoni, kwa kawaida mweusi. Hizo nazo ni laini kwa kidole, lakini nailoni si chuma, na mguso wake pamoja na sauti yake ni jambo lingine kabisa. Mtu aliyesikia kwamba “nyuzi laini” ndizo zinazofaa, akaagiza zile nyeusi, hatapata sauti aliyoisikia katika sahani za zamani.

Tofauti ya uso huzaa tofauti ya sauti. Kila noti ina sauti ya msingi, na juu yake sauti nyingine nyingi zinazoiandamana. Katika uzi wa waya bapa, tepe zilizopangwa kingo kwa kingo husuguana uzi unapotetema, na msuguano huo hula upesi zile sauti za juu. Sauti ya msingi na zile chache za karibu yake hubaki. Msomaji aliyepitia somo la fonetiki anaweza kulilinganisha jambo hili na irabu: mwimbaji akitoa “i” na “u” kwa noti moja, kimo cha sauti ni kilekile, lakini “i” ina nguvu nyingi katika masafa ya juu ambayo “u” haina. Waya duara huelekea kwenye “i”. Waya bapa huelekea kwenye “u”. Wala hakuna sababu ya kusema kwamba irabu moja ni bora kuliko nyingine.

Uso huohuo ndio unaoeleza urefu wa maisha ya nyuzi hizi. Mabonde ya waya duara hupokea jasho na taka za vidole. Uchafu ukijaa humo, ule mng'ao wa sauti uliokuwa sababu ya kuzinunua hutoweka, pengine baada ya majuma machache tu kwa mpigaji wa kila siku. Waya bapa hauna mabonde ya kujazwa. Hupoteza mng'ao kidogo katika siku za kwanza, kisha hutulia.

2. Detroit, Los Angeles, London

Besi ya umeme iliyoeneza chombo hiki duniani, yaani Precision ya kampuni ya Fender, ilitolewa huko California mwaka 1951. Wengi walioishika mwanzoni walikuwa wametoka kwenye kontrabasi, ile besi kubwa ya kusimamia, nao hawakuwa wakitafuta mng'ao. Walitaka mlio mzito unaobeba muziki kutoka chini bila kujitokeza. Nyuzi za waya bapa ziliwapa mlio huo, na tena hazikuwasumbua kwa mkwaruzo kila walipotelezesha mkono shingoni.

Mfano unaotajwa kuliko yote ni wa James Jamerson. Alizaliwa mwaka 1936 katika jimbo la South Carolina, akahamia Detroit mwaka 1954, akawa mpiga besi mkuu wa studio ya Motown katika miaka ya 1960. Naye alianza kwa kontrabasi. Besi ya umeme inayohusishwa naye ni Precision ya mwaka 1962, iliyovishwa nyuzi nzito za waya bapa za La Bella, kuanzia inchi 0.052 kwa uzi mwembamba mpaka inchi 0.110 kwa uzi mnene. Inasimuliwa na waliofanya kazi naye kwamba hakuwa akizibadilisha isipokuwa mmojawapo umekatika. Nyuzi zake zilikaa juu sana kutoka shingoni, kiasi cha kuwashinda wengine waliojaribu kulipiga gitaa lake. Chini ya kifuniko cha daraja palikuwa na kipande cha sponji kilichozigusa nyuzi na kufupisha mlio. Na katika mkono wa kulia alipigia kidole kimoja tu, cha shahada.

Ni vema kuyatazama hayo yote kwa pamoja. Mtu anayenunua seti ileile ya La Bella, akaivisha kwenye chombo chake kisicho na sponji, nyuzi zikiwa mpya na zimeshushwa karibu na shingo, akapiga kwa vidole viwili, atapata sehemu tu ya alichokitaka, kisha atawalaumu watengenezaji. Uzi ulikuwa sababu mojawapo kati ya sababu nne au tano. Lakini ni sababu ambayo nyingine haziwezi kuishika nafasi yake: sponji hufupisha mlio wa waya duara bila kuugeuza kuwa wa waya bapa, na mkwaruzo wa vidole hubaki.

Jambo la pili la kuangaliwa katika studio ile ni watu waliomzunguka Jamerson. Mara nyingi magitaa matatu yalipigwa kwa pamoja, yakiwa mikononi mwa Robert White, Eddie Willis na Joe Messina, na juu yake kinanda, ngoma na waimbaji. Nafasi ya juu ilikuwa imejaa. Besi yenye mng'ao mwingi ingegombana na magitaa. Besi ya waya bapa iliwaachia wengine nafasi yao, nayo ikasikika kwa sababu chini ilikuwa peke yake. Asikilizaye rumba ya Kongo ataitambua hali hiyo mara moja: gitaa la solo, la mi-solo na la kusindikiza husokotana katika masafa ya kati na ya juu, na besi hupata uhai wake pale ambapo hayo matatu hayafiki.

Yeyote atakayehitimisha kutokana na hayo kwamba waya bapa hutoa sauti moja tu, nzito na ya kufifia, atakuwa ameharakisha. Huko Los Angeles, katika miaka hiyohiyo ya 1960, Carol Kaye alitumia nyuzi za waya bapa, akiweka kitambaa kinene cha sufi kwenye daraja. Lakini yeye hakupiga kwa kidole. Alipiga kwa kipande kigumu cha kuchokolea, jamaa ya ile risha ya wapiga udi wa pwani, na sauti yake ikawa yenye ncha kali, kila noti ikisimama peke yake. Steve Harris wa kikundi cha Kiingereza Iron Maiden, ambacho muziki wake ni wa kelele na kasi, amejulikana kwa miaka mingi kwa nyuzi za waya bapa za Rotosound, naye hupenda ziwe mpya kila anapopanda jukwaani, kinyume kabisa cha desturi ya Jamerson. Nyuzi hizi zikiwa mpya, zikapigwa kwa nguvu, hutoa mlio wa chuma usiotarajiwa na wengi.

Mabadiliko makubwa yalitokea Uingereza mwaka 1966, wakati kampuni hiyohiyo ya Rotosound ilipofanya kazi na John Entwistle wa The Who, aliyekuwa akitaka besi inayolia kama nyuzi za chini za piano. Matokeo yalikuwa nyuzi za waya duara ambazo zilienea haraka. Katika muongo uliofuata mitindo ya kupiga kwa kidole gumba na kuvuta uzi ilizihitaji, na viwanda vikaanza kuvisha waya duara kwenye besi mpya. Hivyo ndivyo aina iliyokuwa ya kawaida ikawa ya kuagizwa.

3. Namba ya pakiti na ukweli wa mkono

Kwenye pakiti ya nyuzi huandikwa namba nne, kwa mfano 45-65-80-100. Ni unene wa kila uzi katika sehemu za elfu za inchi: 45 ni milimita 1.14, na 100 ni milimita 2.54. Wanunuzi wengi huzichukua namba hizo kama kipimo cha ugumu. Hapo ndipo kosa la kawaida kuliko yote linapofanyika, nalo linastahili kuelezwa kwa kirefu.

Mkono hauhisi unene, unahisi mkazo. (Neno hili wanaisimu wamelizoea kwa maana nyingine, lakini hapa lina maana yake ya asili: hali ya kitu kilichovutwa kikakazika.) Mfaransa Marin Mersenne alieleza tangu miaka ya 1630 kwamba kimo cha sauti ya uzi hutegemea mambo matatu: urefu, uzito wake kwa kila kipimo cha urefu, na mkazo. Katika besi, urefu hauchaguliwi na mnunuzi wa nyuzi. Katika vyombo vingi ni inchi 34, yaani sentimita 86.4 kutoka kizingiti cha shingo mpaka kwenye daraja. Kimo cha sauti nacho kimekwisha kupangwa: mi ya chini hutetema mara 41.2 kwa sekunde, la mara 55, re mara 73.4, sol mara 98. Kinachobaki ni uzito. Uzi ukiwa mzito zaidi, hapana budi uvutwe zaidi ili ufike kwenye noti ileile. Kwa mfano, uzi wa mi wenye gramu 35 kwa kila mita huhitaji kuvutwa kwa nguvu ya karibu kilo 18. Nyuzi nne za seti ya kawaida huvuta shingo kwa jumla ya kilo zinazozunguka 80, uzito wa mtu mzima. Seti nzito huongeza kilo kadhaa juu ya hapo, usiku na mchana.

Sasa tofauti kati ya waya bapa na waya duara hujitokeza waziwazi. Nyaya za duara zikipangwa ubavu kwa ubavu huacha mapengo. Hujaza takriban asilimia 78 tu ya tabaka lao. Waya bapa hujaza karibu tabaka lote. Kwa hiyo nyuzi mbili zenye unene mmoja, moja ya waya duara na nyingine ya waya bapa, kwa kawaida hazina uzito mmoja: ya waya bapa huwa nzito zaidi, na mkazo wake huwa mkubwa zaidi. Mpigaji aliyezoea 45 mpaka 105 za waya duara, akiagiza namba zilezile za waya bapa, hushangaa kuona nyuzi zimekuwa kama fito, na pengine shingo ya gitaa imeanza kupinda mbele.

Tena hata ndani ya waya bapa namba hizo hazisemi yote, kwa kuwa kila kiwanda huchagua unene wa kiini na idadi ya matabaka kwa njia yake. Nyuzi ziitwazo Jazz Flat za Thomastik-Infeld, kampuni ya Vienna iliyoanzishwa mwaka 1919, zina 43 mpaka 100 katika seti ya urefu wa kawaida. Zile za D'Addario ziitwazo Chromes, katika seti yao nyepesi, zina 45 mpaka 100. Kwenye karatasi ni kama ndugu. Mkononi si ndugu hata kidogo: za Vienna zinajulikana kwa ulegevu wake, hupindika chini ya kidole na kuimba kwa muda mrefu, za Marekani hukaza, na sauti yake ina mwanga zaidi kuliko za waya bapa nyingi. Mwenye kidole chepesi huweza kuzipenda za kwanza. Mwenye kupiga kwa nguvu atazifanya zigonge freti, ataona zinamkimbia, atarudi kwenye zenye mkazo.

Kinachopaswa kutafutwa, basi, ni jedwali la mikazo ambalo baadhi ya watengenezaji hulitoa pamoja na unene. Lisipopatikana, njia ya busara ni kuanza na seti nyepesi kuliko ile ya waya duara iliyozoeleka. Shingo haitaumia, na mkono utajifunza bila kuchoka.

4. Mambo ya kuzingatia kabla ya kununua

La kwanza ni urefu wa chombo. Besi fupi ya inchi 30, kama ile Höfner ya Kijerumani ambayo Paul McCartney aliinunua Hamburg mwaka 1961, huupa uzi uleule, kwenye noti ileile, asilimia 78 tu ya mkazo ambao ungekuwa nao katika inchi 34. Waya bapa, ambao kwenye chombo kirefu huonekana mgumu, huweza kuwa wa kustarehesha kwenye chombo kifupi. Lakini seti iagizwe ya urefu wake: uzi mrefu mno, ukikatwa au ukizungushwa kwenye kigingi sehemu yake nene, huweza kulegea mzingo wake, na uzi mfupi huleta ile hariri ya mwishoni mpaka juu ya kizingiti, ukaua mlio.

Besi isiyo na freti ni hali ya pekee, na hapo hoja ya waya bapa ina nguvu zaidi kuliko popote. Waya duara husugua mbao za shingo mfano wa tupa. Jaco Pastorius, aliyeipa besi ya namna hiyo sifa kwa sahani yake ya mwaka 1976, alipendelea waya duara kwa ajili ya sauti yake ya kuimba. Lakini ilimbidi kuzipaka mbao za shingo gundi ngumu ya kufunikia mashua ili zisiliwe. Asiyekuwa na moyo wa kufanya kazi hiyo avishe waya bapa. Kwenye freti za kawaida pia waya bapa hula chuma polepole zaidi, na mahali ambapo fundi wa kubadilisha freti ni adimu, faida hiyo inaweza kupita ile ya sauti.

Kuhusu madini, nyuzi nyingi za waya bapa hutengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu. Zile zenye nikeli huwa na joto kidogo zaidi katika sauti. Tofauti hiyo ipo, lakini ni ndogo kuliko ile ya mkazo, na wauzaji huipa uzito usiostahili.

Jambo zito zaidi ni vyombo ambavyo msikilizaji atasikilizia. Spika ndogo ya redio haiwezi kutoa mitetemo 41 kwa sekunde. Sikio hukisia noti ya besi kutokana na zile sauti zinazoiandamana, za 82, 124 na kuendelea. Besi ya waya bapa iliyozimwa kupita kiasi, kwa sponji na kwa kupunguza masafa ya juu kwenye kikuza sauti, inaweza kujaza ukumbi na kutoweka kabisa kwenye redio. Dawa yake ni kuongeza masafa ya kati. Wengi hukosea wakaongeza ya chini, na kinachoongezeka ni ngurumo tu.

Mwisho, mtindo. Kwa rumba ya mwendo wa taratibu, kwa kwaya, kwa rege ya mtindo wa Aston Barrett wa The Wailers, ambaye naye alitumia waya bapa, chaguo ni jepesi. Kwa zile sehemu za mwendo kasi za soukous, ambapo besi hurukaruka na kugonga kama ngoma, au kwa mtindo wa kidole gumba, waya bapa humnyima mpigaji silaha yake. Wenye vyombo viwili huvisha kila aina kwenye chombo chake. Mwenye kimoja aulize ni wimbo gani anaoupiga mara nyingi zaidi, wala si ule anaoutamani.

5. Kuvisha

Nyuzi za zamani zifunguliwe moja moja, mpya ikivishwa kabla ya kuilegeza inayofuata, ili shingo isiachwe bila mkazo kwa ghafla. Zile zilizotolewa zisikatwe. Zikunjwe na kuhifadhiwa, maana huenda mwenyewe akataka kuzirudia.

Uzi mpya wa waya bapa usikatwe ukiwa umenyoka. Kwanza upindwe kwa pembe ya mraba mahali palipopita kipimo cha kigingi, ndipo ncha ikatwe baada ya pindo hilo. Pindo huushika utepe usiteleze juu ya kiini. Uzi uliokatwa bila pindo huweza kufumuka ndani na kufa mlio wake siku hiyohiyo, na fedha imekwenda. Baadhi ya watengenezaji huonya pia dhidi ya kuupitisha uzi ndani ya mwili wa gitaa kutoka nyuma, kwa sababu kona ile kali huvunja tepe. Kama daraja linaruhusu, uzi uingie kwa juu. Uzi mnene wa 110 hauwezi kukaa katika mfereji wa kizingiti uliochongwa kwa 100. Fundi aupanue kwa tupa nyembamba, kidogo kidogo, kwa kuwa mbao au mfupa uliokwisha kuondolewa haurudi.

Chombo kikishapangwa kwenye noti zake, kiachwe siku moja, kisha shingo ikaguliwe. Uzi ubanwe kwenye freti ya kwanza na pale shingo inapokutana na mwili. Pengo lililo katikati, kati ya uzi na freti, liwe kama unene wa kadi nyembamba, takriban milimita 0.3. Likiwa kubwa zaidi, chuma kilicho ndani ya shingo kikazwe kwa robo ya mzunguko, si zaidi, na chombo kipimwe tena kesho yake. Baadaye zirekebishwe tandiko za daraja, mpaka noti ya freti ya kumi na mbili ilingane na oktavu ya uzi ulio wazi.

Hukumu juu ya sauti isitolewe katika juma la kwanza. Nyuzi za waya bapa zikiwa mpya zina mlio wa chuma ambao si wake wa kudumu, na wako waliozivua siku ya tatu wakidai wamedanganywa. Pakiti nayo isitupwe: iandikwe tarehe ya kuvishwa na kuwekwa ndani ya mfuko wa gitaa, kwa kuwa miaka saba baadaye, uzi wa re utakapokatika katikati ya harusi, hakuna atakayezikumbuka namba zake.